Mrina Asali Aliyepita Mahindini Kimya

Kimya cha pori, usiingie nacho shambani. Methali hiyo mmemsikia asubuhi shangazi yenu akiwaambia wale ndugu wawili wasiosemezana, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, pukuchueni mahindi huku mkisikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mrina asali mmoja, jina lake Mihambo, aliyeishi ukingoni mwa pori la Isungwa. Alikuwa mtu mwema, ila maneno kwake yalikuwa ya kuhesabu. Baba yake alimfunza tangu utotoni kwamba porini mtu hutembea kimya, maana nyati mwenye ndama hukusikia kabla hujamwona. Mihambo akakizoea kimya hicho hata nyumbani. Mkewe alipofariki alibakiwa na binti mmoja tu, Kalunde. Na siku Kalunde alipoolewa, baba alikaa kwenye kigoda, macho chini, asitamke hata neno moja la kumbariki. Binti akaondoka akiamini baba yake ameichukia ndoa ile. Ikapita miaka mitatu, hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake.

Basi jioni moja mpita njia akamletea habari. Mume wa Kalunde amepata ardhi mbali, mwendo wa siku tisa, na kesho alasiri watahama. Mihambo hakupata usingizi wa maana. Alijua kwamba mwanawe akiondoka bila baraka, hawataonana tena, na uchungu ule utabaki hivyo hivyo mpaka kaburini.

Kulipopambazuka alikwishashika njia. Kalunde alikaa ng'ambo, kwenye mpaka wa pori la Luganzo, na kati ya mapori hayo mawili kulikuwa na mashamba tu, mahindi yamefunga kumpita mtu kimo. Pori la Isungwa alilimaliza salama, kimya kimya. Saa nne akaingia mahindini, nako akaenda vile vile, akijikunyata na kupenya polepole, mabua yakichakacha.

Ulikuwa msimu wa nyani kuvamia mahindi. Kila shamba lilikuwa na ulingo, jukwaa la miti, na juu yake mlinzi na kombeo lake. Wenyeji walijua kwamba apitaye mahindini sharti atoe sauti asidhaniwe nyani: aimbe, apige mluzi, hata akohoe tu. Mihambo hakulijua hilo. Jiwe likavuma, likampiga kwenye muundi wa mguu, akaanguka.

Aliyelirusha alikuwa mjane aitwaye Nyanzala. Alikuja mbio na panga, na alipokuta mtu mzima ameushika mguu wake na hata hapo hatoi sauti, alilitupa panga chini.

"Baba, mbona hukutoa sauti? Nusura nikuue."

"Kwetu porini, mama, ukitoa sauti umekiita kifo."

"Huko unapita kwa nyati. Hapa unapita kwa watu. Usiposikika, tutajuaje kwamba ni mtu?"

 Neno lile lilimuuma Mihambo kuliko jiwe. Nyanzala alimfunga mguu kwa kipande cha kanga, akamuuliza aendako. Naye kwa kusitasita akamweleza yote, hata habari ya siku ile ya harusi, ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Mjane akalitazama jua, akautazama mguu. Kwa mwendo wa kuchechemea hangefika alasiri. Akapanda ulingoni na kuita shamba la pili kwamba baba yake Kalunde yuko njiani, ameumia, wamwambie binti asiondoke. Shamba la pili likapokea, likapeleka la tatu, na habari ikatangulia.

"Nawe uende ukisema," Nyanzala akamwagiza. "Sema lolote."

Mihambo hakujua wimbo hata mmoja. Akawa anasema lile alilokuwa nalo, kwamba ni yeye Mihambo, baba yake Kalunde, anapita. Mwanzoni sauti ilikwaruza. Kufika shamba la tano ilikuwa imenyooka. Watu wakamwitikia kutoka juu. Huyu akamshushia maji, yule akamkatia fimbo. Alishangaa jinsi mashamba yale yalivyojaa watu.

Jua lilikuwa likielekea kuzama alipotokea mpakani mwa Luganzo. Kalunde alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, mizigo chini. Alimtazama baba yake asiseme kitu, kwa kuwa naye alikuwa damu yake.  Mihambo alihisi kimya chake kikimrudia, akakikataa.

"Mwanangu, siku ile sikuwa na hasira. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia mbele za watu. Nenda na baraka zangu zote. Unisamehe, nimechelewa kusema."

Kalunde akapiga magoti, akalia sana. "Baba, nami nilidhani umenikana, kwamba kwako mimi si mtoto tena," akasema. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa babu yake.

Walihama kesho yake. Mihambo akarudi kwa njia ile ile, akijitaja kila shamba, na alipofika kwa Nyanzala, mjane akamuuliza kutoka ulingoni kama alifanikiwa kusema. Mihambo akasimama, akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka shamba la pili:

"Nimesema, mama. Kimya cha pori, usiingie nacho shambani."