Rufaa ya Punda wa Chande

Palikuwa na liwali katika mji wa Mtondoni, Muhsin bin Azan, aliyeamuru kwamba akiketi barazani kuwahesabu babu zake, isisikike sauti nyingine, ya mtu wala ya mnyama. Naye aliwahesabu kila alasiri. Babu wenyewe walikuwa wengi, na kila siku walizidi.

Siku moja akapita Chande, muuza maji, akiswaga punda wake mwenye mitungi. Chande aliikumbuka amri, akafumba mdomo wake. Punda hakukumbuka kuufumba wake. Liwali alipofika kwa babu aliyemfunga simba kwa kilemba, punda akalia, kilio kirefu cha kutoka tumboni. Baraza zima likacheka.

Kesho yake Liwali akasimama mbele ya kadhi wa mji, ambaye alikuwa shemeji yake.

"Punda huyu ameikana nasaba yangu," akasema. "Amesema sina babu hata mmoja wa maana. Nimemsikia kwa masikio yangu, na nimemwelewa neno kwa neno."

"Nawe Chande, una la kusema?"

Chande kisimani alikuwa na ulimi kama wembe. Lakini alipokitazama kilemba cha kadhi, magoti yaligongana. "Ndiyo, Bwana," akasema. Ikawa basi.

Kadhi akahukumu. Imethibiti kwamba punda alimtukana Liwali kwa maneno, na Liwali akayaelewa maneno hayo. Punda achukuliwe, abebe mawe ya ukuta wa Liwali mpaka afe.

Nyumbani kwa Chande, mkewe Mwanakheri akamwuliza, "Ulijiteteaje, mume wangu?"

"Nilisema ndiyo, Bwana."

"Halafu?"

"Nilitaka kuongeza, lakini magoti yalikuwa yameshika zamu ya kusema."

"Basi kati yenu wawili mwanamume ni punda. Na maji sasa atabeba nani?"

"Mimi. Wateja watanitofautisha kwa masikio."

Mwanakheri hakucheka. Bila punda hapakuwa na maji ya kuuza, na bila maji hapakuwa na chakula. Akamkumbusha kwamba Sultani ameweka makadhi watatu wa rufaa, na rufaa isiyofika kwao kabla ya mwezi kuandama haisikilizwi tena. Alfajiri Chande akatazama juu. Mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba kama ukucha. Akavaa kanzu, akatoka mbio.

Karani wa rufaa alikuwa mtu mpole, akamweleza taratibu kama mtoto wa chuoni. "Hapa hatuanzi kesi upya. Huleti shahidi, huleti neno jipya. Yaliyothibiti kwa kadhi tunayachukua kama yalivyo. Wewe tuonyeshe tu mahali kadhi alipoikosea sheria. Umefahamu?"

"Nimefahamu nusu."

"Nusu ipi?"

"Kwamba ningesema kule kule."

"Hiyo ndiyo yote, ndugu yangu."

Siku ya rufaa Liwali aliketi mbele, ametulia. "Mabwana makadhi," akasema, "mkumbusheni huyu asituletee neno jipya. Kesi hii ina maneno yangu mimi tu."

"Ndivyo sheria ilivyo," akasema Sheikh Idarusi, mkubwa wa wale watatu. "Chande, maneno yako ni yapi?"

"Ni ndiyo, Bwana. Hayatoshi hata kununulia chumvi. Naomba niazime ya Liwali."

"Azima."

"Imethibiti kwamba punda alisema?"

"Imethibiti."

"Na Liwali akamwelewa?"

"Imethibiti."

"Mimi nimelala ukuta mmoja na punda huyo tangu yu mwana, sijaambulia neno. Kumbe mjinga ni mimi."

"Hilo ni jipya," akadakia Liwali.

"Kweli, Bwana Liwali, lifutwe. Ujinga wangu hauhitaji ushahidi." Chande akawageukia makadhi. "Sheria inasemaje juu ya mshtakiwa anayeweza kusema?"

"Asihukumiwe kabla ya kusikilizwa."

"Punda aliulizwa na nani?"

Makadhi wakatazamana. Hapakuwa na aliyemwuliza.

Liwali akainuka. "Mabwana, huu ni mzaha. Punda hasemi. Nilinena vile kwa hasira tu, sikuelewa kitu."

Sheikh Idarusi akatikisa kichwa. "Liwali, hapa haliletwi neno jipya. Kadhi ameikosea sheria. Kesi irudi kwake, punda asikilizwe mbele ya mji mzima, kisha atafsiriwe. Nani anaijua lugha yake?"

"Mimi sikusoma, Bwana," akasema Chande. "Lakini imethibiti kwamba yuko mtu mmoja."

Watu wakaanza kuuma vilemba vyao wasicheke. Liwali akamsogelea Chande, akanong'ona, "Nimeifuta kesi. Kamfungue punda wako, umwambie aende nyumbani."

"Ahsante, Bwana Liwali," akasema Chande. "Ila mwambie wewe. Mimi haelewi ninachosema."