Nionyeshe Mbwa Wako

Paukwa!

Pakawa!

Ebo! Hiyo ndiyo sauti? Mmekula ugali mpaka sufuria imebaki tupu, halafu mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Leo sina ngano ya kuchekesha. Nina ngano ya kukasirisha, na mimi mwenyewe nimeshaanza kukasirika kabla sijaianza. Anayetaka kucheka aende kwa jirani.

Zamani hizo za kale, mbwa walipokuwa wakisema waziwazi na watu wakijifanya hawasikii, palikuwa na mwanamke akiitwa Siwema. Siwema alikuwa mjane, analima mahindi kando ya kijito, na mlinzi wa mahindi hayo alikuwa mbwa wake mmoja tu, Mshale. Alimwokota macho hayajafunguka, akamlea kwa uji wa mtama. Ngedere wakija shambani, Mshale anawafukuza. Nguruwe wakija, anawafukuza. Wambea wakija, wale wasio na kazi asubuhi, hao nao anawafukuza. Bila Mshale hakuna mahindi, na bila mahindi hakuna Siwema.

Ng'ambo ya kijito alikaa Sengondo, mtu wa ng'ombe wengi na majivuno mengi zaidi. Mbwa wake aliitwa Radi, dume kubwa jeusi, shingo nene. Watu walikuwa wakimsema pembeni mbwa huyo, lakini mbele ya Sengondo kila mtu alitabasamu. Mnawajua watu wa namna hiyo, msijifanye hamuwajui.

Asubuhi moja Siwema alishuka kijitoni na mtungi wake, Mshale nyuma. Amekwisha kuteka, anataka kujitwika, Radi akatoka vichakani bila hata kubweka, akamrukia Mshale shingoni. Akamtikisa. Akamtikisa tena. Akamtikisa mara ya tatu, na Mshale akapiga ukelele ambao Siwema hakuwahi kuusikia. Siwema hakutia mkono, maana atiaye mkono kati ya mbwa wanaoumana anautoa hauna vidole. Aliunyanyua mtungi, akammwagia Radi maji yote usoni, huku anapiga mayowe. Radi akaachia, akakimbilia kwao.

Siwema alimbeba Mshale kifuani hadi nyumbani. Akachemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akatia chumvi. Akayafunua manyoya kidogo kidogo kwa vidole, kwa sababu jeraha la meno ni laghai: juu unaona tundu dogo, ndani nyama imeraruka. Alikuta matundu manne shingoni na moja sikioni, akayaosha yote.

"Mama," Mshale akasema, "mimi nilimkosea nini?"

"Hukumkosea kitu. Nyamaza, nisije nikalia nikashindwa kukuosha."

Sasa sikilizeni sheria ya kijiji kile. Mbwa akimuuma mbwa mwenziwe, yule aliyeuma anafungwa mahali pa wazi siku kumi, watu wamwone. Siku ya kumi akiwa bado anakula na kunywa, basi hana kichaa, na aliyeumwa anaachwa aishi. Aliyeuma akifa, au asipoonekana, aliyeumwa anauawa kwa rungu siku hiyo ya kumi. Na nyumba iliyofiwa na mbwa mwenye kichaa inatengwa mwezi mzima: watu wake hawatoki, maziwa yake hayanywewi. Ndiyo sheria, na kila mtu aliijua.

Basi maisha ya Mshale yalikuwa mikononi mwa Sengondo. Siwema akavuka kijito. Hakupiga hodi tatu, alipiga moja.

"Sengondo, nionyeshe mbwa wako!"

Sengondo alikuwa ameketi anachokonoa meno. "Radi? Radi hajatoka hapa tangu jana. Huyo wako ameumwa na fisi."

Siku ya pili akarudi. "Sengondo, nionyeshe mbwa wako!"

"Nimempeleka kwa shemeji yangu, mbali. Nenda ukamtafute huko."

Siku ya tatu akarudi. "Sengondo, nionyeshe mbwa wako!"

"Lo, mwanamke huyu!" Sengondo akacheka. "Ni mbwa tu, Siwema! Akiuawa nitakupa mwingine, mdogo, mzuri."

"Mama yako akiugua nikuletee mama mwingine?"

Sengondo akaacha kucheka. Siwema alitoka pale moto umempanda mpaka masikio yanavuma, akaenda moja kwa moja kwa Jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe alikuwa mtu mpole, yaani mwoga. Kila asubuhi aliletewa kibuyu cha maziwa kutoka kwa Sengondo.

"Punguza ukali, binti yangu," Jumbe akasema. "Sengondo ni mtu mkubwa. Siwezi kumfungulia mtu milango yake kwa ajili ya mbwa. Tungoje siku ya kumi."

"Siku ya kumi utakuja na rungu?"

"Sheria ndivyo isemavyo."

"Sheria ya kumuua aliyeumwa unaikumbuka, Jumbe. Ya kumfunga aliyeuma imekutoka kichwani?"

Jumbe akajimiminia maziwa. Hebu niambieni, ningekuwa mimi ningemwacha na ndevu zake? Siwema alimwacha, kwa sababu alikuwa na jeraha la kuosha.

Siku ya nne, jua la mchana, Siwema alikwenda kuchuma majani ya dawa nyuma ya boma la Sengondo. Akasikia mlio mwembamba kutoka kwenye ghala bovu la udongo. Ukutani palikuwa na ufa. Akachungulia, akaona jicho.

"Nani hapo?" jicho likauliza.

"Mimi. Mwenye mbwa uliyemuuma."

Radi akarudi nyuma gizani. "Umekuja kunipiga?"

"Natamani! Natamani nikupige mpaka mkono uchoke. Mbona umekonda hivyo?"

"Sijala tangu siku ile. Bwana amesema nikifa humu atanizika kimya kimya, na hakuna atakayemdai neno."

Radi akifa, Mshale naye amekufa. Siwema akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akatukana. Alimtukana Sengondo, akamtukana Jumbe, akamtukana Radi. Alipomaliza akafungua kitambaa alichofungia ugali wake wa mchana, akaupenyeza kwenye ufa, na maji ya kibuyu chake akayamimina humo humo.

"Kula, mshenzi wewe! Usinifie!"

Radi akala. Kisha akasema, "Unajua kwa nini niliuma? Bwana alinifunga kamba fupi. Akanionyesha nyama, akaninyima, akanipiga, akaniambia mbwa anayekuja kijitoni ndiye aliyekula nyama yangu. Anataka mbwa wako auawe, wewe ukose mahindi uhame, kijito kiwe cha ng'ombe wake peke yao."

"Kwa hiyo nikuonee huruma?"

"Sijui."

"Sikuonei. Kunywa maji."

Hakumwambia mtu, maana Sengondo akisikia angemmaliza Radi usiku huo huo. Siku ya tano akarudi na ugali na maji ndani ya kibuyu. "Kula, mshenzi wewe! Usinifie!" Siku ya sita akarudi. "Kula, mshenzi wewe! Usinifie!" Siku ya saba akarudi, na ya nane, na ya tisa, kila siku Sengondo akiwa malishoni. Matusi yalikuwa mapya kila siku. Mwanamke yule alikuwa na kipaji.

Nyumbani Mshale alianza kushangaa. "Mama, ugali wangu umepungua. Nusu unampelekea nani?"

"Nampelekea adui yako."

"Yule? Yule aliyenitoboa shingo?"

"Akifa, na wewe unakufa."

Mshale akalilamba bakuli lake tupu. "Basi mpelekee," akasema, "lakini usimtilie mchuzi."

Siku ya kumi ikafika. Watu walikusanyika uwanjani, Jumbe kwenye kiti chake, na pembeni mtu mwenye rungu. Siwema akaja na Mshale, kamba mkononi. Watu wengine walimwonea huruma. Wengine walinong'ona kwamba huyu mama amezidi, kelele zote hizi kwa ajili ya mbwa. Hao ndio wanaonichefua mimi, hao hasa!

Siwema akasimama katikati. "Sengondo, nionyeshe mbwa wako!"

Sengondo alikuwa hajachungulia ghalani siku nyingi. Kwa hesabu yake Radi alikuwa mfu tayari, na Jumbe asingethubutu kumtenga mtu mkubwa kama yeye. Akavaa uso wa huzuni. "Ndugu zangu, nisiwafiche. Radi wangu amekufa. Alikufa siku ya tatu, nimemzika kwa mikono yangu."

Watu wakaguna. Jumbe akatikisa kichwa. "Amekufa ndani ya siku kumi. Basi alikuwa na kichaa. Sheria inasema Mshale auawe."

Mwenye rungu akapiga hatua moja. Mshale akajikunja nyuma ya miguu ya Siwema.

"Malizia," Siwema akasema.

"Nimalizie nini?"

"Sheria, Jumbe. Umesema nusu. Malizia na nusu nyingine, watu wasikie."

Jumbe akasema kwa sauti ndogo, "Na nyumba iliyofiwa na mbwa mwenye kichaa itengwe mwezi mzima."

"Kwa sauti!"

"Itengwe mwezi mzima!"

Aliyesimama karibu na Sengondo akasogea. Aliyefuata akasogea. Wa tatu akamvuta mkewe, wakasogea wote, mpaka Sengondo akabaki peke yake kwenye uwanja mpana. Jumbe mwenyewe akakumbuka kibuyu alichokunywa asubuhi ile, akaanza kutema mate chini, thu, thu, thu, na macho yamemtoka.

"Ng'ombe wangu watachungwa na nani?" Sengondo akapiga kelele. "Ngojeni! Hakufa! Nilikosea!"

"Mtu anakosea njia, Sengondo. Anakosea siku. Kumzika mbwa kwa mikono yako unakoseaje? Yuko wapi?"

"Yuko... nadhani yuko..."

"Nionyeshe mbwa wako!" Siwema akasema.

"Tuonyeshe mbwa wako!" watu wakasema.

"Tuonyeshe mbwa wako!" Jumbe akasema, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusema kitu kwa nguvu tangu azaliwe.

Sengondo akawaongoza wote mpaka ghalani. Akavuta komeo, akitumaini mnyama bado anapumua hata kidogo. Mlango ukafunguka, Radi akatoka. Alikuwa mwembamba, lakini miguu yake ilikuwa imara. Wakamwekea maji, akayanywa yote. Wakamwekea ugali, akaumaliza, akalamba bakuli.

"Hana kichaa," Jumbe akasema. "Mshale ataishi."

Sengondo alikuwa bado ameshangaa. "Lakini... nani amemlisha?"

"Yule pale," Radi akasema. "Kila siku alinitukana, na kila siku alinilisha. Wewe hukunitukana hata mara moja. Ulifunga mlango ukaenda zako."

Jumbe akaamuru Radi afungwe uani kwake, mbali na Sengondo na mbali na kijito, na kijito kiwe cha wote kama zamani. Sengondo akakunjua mikono, akatoa lile tabasamu lake.

"Basi yamekwisha. Bi Siwema, tusameheane. Mbwa wako mzima, mbwa wangu mzima."

"Yamekwisha?" Siwema akamsogelea. "Mbwa wangu ana matundu matano. Siku kumi nimeyaosha mimi. Kuanzia kesho utayaosha wewe, kwa mkono wako, umepiga magoti uani kwangu, mpaka yafunge."

Sengondo akamtazama Jumbe. Jumbe akawatazama watu, na watu walikuwa hawatabasamu tena. "Utaosha," Jumbe akasema.

Akaosha. Kila asubuhi Sengondo alivuka kijito na kibuyu cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti, akafunua manyoya kidogo kidogo. Mshale alinguruma kila alipoguswa, na Siwema hakumkataza. Akaosha wiki ya kwanza. Akaosha wiki ya pili. Mwisho wa wiki ya tatu matundu yalikuwa yamefunga, manyoya yameanza kuota.

Sengondo akaweka kibuyu chini, akafuta mikono. "Bi Siwema," akasema, "mbwa amepona. Na wewe je? Hasira imekwisha?"

Siwema akapitisha kidole shingoni mwa Mshale, kwenye kovu moja, la pili, la tatu, la nne.

"Bado," akasema. "Kesho njoo tena."

Ngano yangu imekomea hapo. Na anayetaka kumwonea Sengondo huruma, ainuke akamwonee huruma nyumbani kwake, si hapa kwangu.