Neno la Nakijwa

"Tuseme si nimesema." Nimemwambia hivyo mjomba wenu alipomkatiza mkewe, nanyi mkaangaliana. Mnataka kujua msemo huu ulitoka wapi. Basi sikilizeni. Ulitoka huku huku milimani kwetu Upare, na walioupata waliupata kwa uchungu.

Zamani kijiji kilikuwa na ndiva moja, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Ukuta wake ulikuwa wa mawe na udongo, na chini kulikuwa na tundu lililozibwa kwa gogo. Kila nyumba ilikuwa na zamu. Siku ya zamu yako unang'oa gogo, maji yanateremka shambani kwako, kisha unaziba.

Alfajiri moja ya kiangazi ukuta ulibomoka, maji yakatoka yote kwa pamoja. Yaliteremka na matope mpaka nyumbani kwa Mrutu, yakamchukua binti yake Nanzia akiwa bado kitandani. Walimwokota bondeni, nywele zimejaa udongo.

Zamu ya siku ile ilikuwa ya Senzota. Watu wakasema alifungua tundu mapema, nguvu ya maji ikamshinda, ukuta ukaenda. Senzota aliapa kwamba hakuwa amefika ndivani. Nani angemsikiliza? Mtoto alikuwa amekufa, na kifo cha mtoto kinataka mtu.

Barazani akasimama jirani yake, mjane aitwaye Nakijwa. Hakuwa ndugu yake. Aliona tu kwamba mtu anaonewa.

"Wazee wangu, nanyi mliofiwa, naomba tufikiri pamoja," alisema. "Tuseme ni mimi niliyefungua ndiva. Nimekuja gizani, nimeling'oa gogo..."

Mama yake Nanzia akapiga ukelele. Maneno yaliyofuata yakazama humo. Waliokaa nyuma waliulizana, "Amesema nini?" na wa mbele wakawajibu, "Amesema ni yeye."

Mrutu akainuka. "Amekiri."

"Sijakiri, baba. Nimesema tuseme. Kama ningekuwa nimeling'oa, gogo lingekuwa limetupwa kando. Twendeni tukafukue. Tukilikuta mahali pake, basi hakuna aliyefungua."

"Mtu asiye na hatia hajiweki mahali pa mwenye hatia," alisema Mrutu.

Mzee wa baraza akamwuliza, "Umetamka au hukutamka kwamba ni wewe uliyefungua?"

"Nimetamka, baba, lakini kwa kukisia."

"Umetamka. Yatosha."

Nakijwa akamgeukia Senzota. Yule alikuwa amekaa karibu, kila neno alilisikia. Neno lake moja lingetosha. Lakini macho ya watu yalikuwa yamemwacha yeye, na aliogopa yasimrudie. Akatazama chini.

Nakijwa alifukuzwa kijijini. Aliteremka tambarare na mkeka wake na chungu kimoja, na hakuna aliyemsindikiza.

Mvua zilipokaribia, wanaume walikwenda kuujenga upya ukuta. Mrutu alikuwa miongoni mwao. Walipoondoa kifusi walilikuta gogo ndani ya tundu lake, limekazwa, udongo wa kuzibia ungali na alama za vidole. Upande wa ukuta uliobaki ulikuwa umetobolewa na fuko kila mahali. Mrutu aliingiza mkono katika shimo moja hadi begani. Kisha akautoa. Alikaa kwenye tope, na wenzake wakaacha kazi.

Kesho yake alishuka tambarare kumtafuta Nakijwa. Alionyeshwa nyumba ya mwanamke aliyempokea, na mwanamke huyo akampeleka kaburini. Homa ilikuwa imemchukua Nakijwa mwezi uliotangulia.

"Aliishije?" Mrutu aliuliza.

"Kwa kunyamaza. Alisuka mikeka. Ukimwuliza, 'Mvua ikinyesha utapanda nini?' alijibu, 'Ikinyesha tutaona.' Nilidhani ni mtu mkavu wa maneno. Siku moja aliniambia kwamba kwao aliwahi kusema jambo ambalo halikuwako, wakalifanya liwe."

Mrutu alirudi milimani. Senzota alipopata habari aliacha kuja barazani mpaka alipozeeka.

Mwaka mwingine kulikuwa na shauri la mpaka wa shamba. Mtu mmoja akasimama akaanza, "Tuseme shamba hili ni langu..." Kabla hajafika mbali watu wakaguna, mwingine akasema, "Mnamsikia? Anajitwalia shamba la wenyewe."

Mrutu, ambaye tangu siku ile ya kifusi hakuwa amefungua kinywa barazani, alisimama akiegemea fimbo.

"Mwacheni amalize," alisema. "Nilimzika mwanangu kwa sababu ya fuko. Nakijwa nilimzika kwa sababu ya masikio yangu. Tuseme si nimesema."