Vibuyu vya Nguchiro

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, acha kutafuna. Hadithi haipiti penye meno yanayogongana. Nyamazeni kwanza. Nataka nimsikie hata mdudu wa kwenye paa. Haya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na mabaraza yao, palikuwa na mto uliokauka kila kiangazi. Maji yalijificha chini ya mchanga, na mafuriko yalikihamisha kisima kila mwaka. Cha mwaka jana hakikuwa cha mwaka huu. Wakubwa pua zao zilikwisha ota sugu kwa vumbi. Walioweza kukinusa ni watoto tu, tena watoto waliofunzwa.

Mwalimu wao alikuwa Bi Kobe, mkali wa maneno, mzito wa miguu, bakora mkononi. Aliwatembeza mwaka mzima, pole pole. Nusa hapa! Gusa pale! Hukusikia harufu? Rudi tena!

Nguchiro naye alikuwa mdogo, mwepesi, mdomo asali. Kilichomuuma ni kimoja: barazani hakuna aliyemsogezea kiti. Akianza kusema, Fisi hupiga miayo.

"Ipo siku," alijiambia, "watanibeba mgongoni."

Basi siku moja akaingia barazani na kibuyu chenye matundu, kimevishwa shanga shingoni.

"Jamani wazazi! Mpaka lini watoto wetu watachomwa na mbigili nyuma ya kobe? Hiki ni Kibuyu Mwalimu! Mtoto anakaa kivulini, anasema jibu lake, kibuyu kinampa maksi. Mwinyi, mwanangu, hebu njoo."

Mwinyi, mtoto wa Bi Nyati, akaja akiburuta kwato.

"Kiambie, kisima kiko wapi?"

"Mmh... kule kwenye mawe?"

Kibuyu kikalia: "Umepata! Umepata! Hodari!"

"Alaa!" Bi Nyati akaruka, vumbi tifu! "Mwanangu huyu? Bi Kobe humwita pua gogo! Leo kasifiwa! Nipe hicho kibuyu, nipe upesi!"

Ndani ya kibuyu mlikuwa na nini? Mlikuwa na chiriku. Nguchiro alimlisha mtama akamfundisha maneno hayo hayo, basi. Ukisema kweli, umepata. Ukisema uongo, umepata. Ukipiga chafya, umepata.

Mwezi haukuisha, kila nyumba ina kibuyu. Nguchiro akajengewa nyumba yenye baraza pana, akaletewa mayai ya kanga, na jioni akatembezwa juu ya mgongo wa Bi Nyati, watu wakimwamkia: "Mwalimu Mkuu! Mwalimu Mkuu!"

Fisi peke yake alikuja siku moja akijikuna kichwa.

"Mwalimu Mkuu, mwanangu jana alisema mashariki, kibuyu kikasema kapata. Leo kasema magharibi, kapata tena. Inakuwaje?"

"Bwana Fisi! Hiyo ndiyo elimu mpya. Ile ya kale ilikuwa na jibu moja tu, kwa umaskini wake."

"Kumbe!" Fisi akaondoka akicheka, asijue anacheka nini.

Lakini kila alfajiri, umande haujakauka, Nguchiro alimshika mkono binti yake, Tunu, akampitisha mlango wa uani mpaka kwa Bi Kobe.

"Shikamoo, Bi Kobe."

"Marahaba. Mtoto nimemwona. Kibuyu chake kiko wapi?"

"Ah, Bi Kobe... kibuyu kinamuumiza masikio."

"Mwongo wee! Lete mtoto. Mwanafunzi simkatai, hata kama baba yake kaninyang'anya wenzake wote."

Kiangazi kikaingia, kikali. Mto ukakatika. Ikafika Siku ya Kuongozwa, na mila yake mnaijua? Mtoto hutangulia, mzazi hufuata, na mzazi hafungui kinywa mpaka kilowe maji. Akisema neno, kisima humkimbia.

Nguchiro alikuwa amejipanga. Kwapani kaficha kibuyu. Tunu akikipata kisima, atamvika kile kibuyu, atakunywa, kisha aite dunia nzima: "Mmeona kazi ya vibuyu?"

Tunu akatangulia, pua chini. Nusa, nusa. Akashika mchanga, akauonja. Akazunguka, akarudi.

"Baba, ni hapa."

Akachimba, chaka chaka chaka. Mchanga ukatoka umelowa! Nguchiro akaingiza mkono kwapani.

Tunu akainua kichwa. Kule ng'ambo, Mwinyi alikuwa anapanda mawe, mama yake nyuma ulimi nje, na nyuma yao Fisi, na nyuma ya Fisi kijiji kizima, kimya kama mila ilivyotaka. Nyuma ya yale mawe hakuna kitu ila mbuga ya chumvi. Na vibuyu vinapiga kelele: "Umepata! Umepata! Hodari!"

"Baba! Mwinyi anapotea!"

Nguchiro akatikisa kichwa. Akamshika mkia. "Mmmh! Mmmh!" Kusema hawezi, kinywa bado kikavu!

"Niachie, baba. Watakufa." Akachomoka, pyuu!

Nguchiro akabaki na shimo lake. Maji yanachuruzika, tone kwa tone. Angeweza kunywa akakimbia. Akatazama mawe. Mwinyi kateleza, kaanguka, kainuka, na kibuyu kinamsifu. Mwinyi, ambaye yeye mwenyewe alimwita mwanangu.

Shimo lilikuwa la kumtosha nguchiro. Nyati angelilamba mara moja likauka.

Akatupa kibuyu. Akachimba. Chaka chaka chaka! Kucha zikang'oka, akachimba. Wenzake walipofika wakimfuata Tunu, maji yalikuwa kidimbwi.

Wakanywa, gubu gubu gubu. Bi Nyati akainua kichwa, midomo inachuruzika.

"Nguchiro. Mbona mwanao hana kibuyu?"

Nguchiro akazidi kuchimba.

"Tunu, mwanangu, umesoma wapi wewe?"

"Kwa Bi Kobe, mama. Baba ananipeleka mwenyewe, kila alfajiri."

Lo! Bi Nyati akakanyaga kibuyu cha Mwinyi, pwaa! Chiriku akaruka nje: "Umepata! Umepata!"

"Ndege!" Fisi akapiga yowe. "Mwanangu alifundishwa na ndege! Mkanyageni na huyu Nguchiro!"

"Ngojeni." Ilikuwa sauti ya Bi Kobe, ndiyo kwanza anafika, anahema. "Mtazameni mdomo."

Wakamtazama. Midomo ya Nguchiro ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alichimba kidimbwi chote kile, wala hakuonja maji.

"Mpeni maji, ajibu," akasema Bi Kobe.

Nguchiro akanywa. "Nilitaka mnisogezee kiti," akasema. "Basi. Nikawauzia watoto wenu kitu nisichoweza kumpa wangu."

"Elimu usiyompa mwanao usimuuzie jirani," akasema Bi Kobe. "Kuanzia kesho utawaleta wote kwangu alfajiri, kama ulivyomleta Tunu."

Na hivyo ikawa. Vibuyu walivirithi kina mama, wakavikata kata za kuchotea maji. Chiriku walirithi miti na domo lao. Baraza lile pana lilirithiwa na watoto, la kupumzikia wakirudi. Nguchiro alirithi kutangulia njiani. Ndiyo maana mpaka leo husimama kwa miguu ya nyuma, anaangalia kama kuna nyoka, watoto wasije wakaumwa. Tunu alirithi bakora ya Bi Kobe.

Na kisima? Kisima hakuna aliyekirithi. Kinahama kila mwaka, na kila mtoto hukitafuta kwa pua yake.