Baraza la Chumba Namba Saba

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya juzijuzi tu, palikuwa na nyumba ya wageni kule milima ya Usambara. Ikiitwa Kivulini. Sogeeni karibu, nisipige kelele. Na atakayesinzia asije akajifanya kunijibu mwishoni, maana hadithi hii siimalizi peke yangu. Inanikera, ndiyo maana naisimulia.

Kivulini ilikuwa na vyumba tisa, na mwenyewe alikuwa Mzee Shekolowa, mtu wa kucheka na kila mtu. Katika vyumba hivyo tisa, namba saba ndicho kilichokuwa na baraza. Ukiketi kwenye kona ya baraza lile, pale pale na si hatua kumi pembeni, kilima kinakupisha na unaliona bonde lote mpaka ng'ambo. Na kule ng'ambo unaiona Kwemlamba.

Kwemlamba ndiko alikozaliwa Bi Mwanjuma. Kijiji chenyewe hakipo tena, watu walihamishwa msitu ulipofanywa hifadhi. Umebaki mwamba mweupe na mivule miwili, na njia ya kufika huko ni ya mbuzi, si ya bibi mwenye magoti yaliyogoma. Bi Mwanjuma alifua na kusafisha pale Kivulini miaka ishirini na sita. Mashuka ya vyumba tisa, miaka ishirini na sita! Baraza la namba saba alilipiga deki kila asubuhi, ameinama, uso sakafuni, mgongo bondeni. Kuketi? Nani alimwambia keti? Alitupa jicho mara mojamoja akikamua tambara, basi.

Binti yake, Sauda, akasoma, akawa msimamizi wa chanjo. Kila mwezi alipanda mlimani kukagua zahanati, na kila alipopanda alilala Kivulini siku tatu, nne. Makusudi! Nyumba iliyomwinamisha mama yake, yeye aliingia kwa mlango wa mbele, begi akibebewa. Mzee Shekolowa aliwapa wageni wake wa kudumu kadi ya kijani, ikipigwa muhuri kwa kila usiku, na nyuma yake imeandikwa: ukitimiza usiku mia moja, chumba namba saba ni chako kwa usiku mmoja, wewe na mgeni wako.

Sauda akamwambia mama yake, "Mama, mgeni wangu ni wewe. Utaketi pale barazani, uletewe chai, na deki apige mwingine."

Bi Mwanjuma akacheka. "Niletewe chai na nani, mwanangu? Si watanijua?"

"Ndiyo, wakujue!"

Basi miaka ikaenda, mihuri ikaenda. Mwaka huu ulipoanza, macho ya Bi Mwanjuma yakaanza kufunga, na Sauda akaacha kupanda mlimani, akawa anamzungusha hospitalini. Presha ya macho. Pembeni kote giza, katikati pamebaki mwanga kidogo, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari akasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni cha miezi michache. Bi Mwanjuma hakulia. Akasema, "Basi nipelekeni nikaione Kwemlamba. Nikishaiona vizuri mara moja, nitakaa nayo."

Sauda akashika simu apige Kivulini. Kumbe Kivulini haipo! Imeuzwa, imepakwa rangi ya majivu, imegeuzwa hoteli ndogo ya kifahari, nayo sasa inaitwa Vila Soleya. Soleya ni nini? Mimi sijui, ninyi hamjui, na fundi aliyeliandika lile jina mlangoni naye hakujua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wanachama wote wa zamani walikuwa wameshatumiwa ujumbe kwenye simu, na Sauda ndiyo kwanza anausoma: "Jina jipya, ukarimu uleule. Tumehama nanyi."

Simu ikapokewa na Eliwaza, dada wa mapokezi, wa tangu enzi za Kivulini.

"Eliwaza, ni mimi Sauda wa chanjo. Kadi yangu ingali hai?"

"Hai kabisa, mama! Wewe ni mwanachama wetu wa dhahabu."

"Na chumba namba saba?"

"Kipo."

"Na baraza lake je? Macho ya mama yanakwenda, Eliwaza. Nataka akaone ng'ambo akiwa barazani."

Eliwaza akanyamaza. Kumbukeni kunyamaza huko, si kwa muda mrefu, kama wa kumeza mate. Kisha akasema, "Njooni tu, mama. Mtapenda."

Wakaenda. Jumamosi, saa tano asubuhi, jua limewaka na mlima mzima hauna ukungu. Bi Mwanjuma alikuwa amevaa khanga mpya, doti aliyoitunza miaka. Mlangoni wakapewa vitaulo vya moto vya kufutia uso na maji ya limau yenye jani. Pembeni ya mlango Bi Mwanjuma akagusa kitu kwa mguu, akainama, akakipapasa. Lilikuwa jiwe lake la kufulia. Wamelisimamisha, wamelipandia maua juu. "Hili jiwe langu," akasema. Mhudumu akajibu kwa upole kwamba ni pambo la asili la hoteli. Pambo! Mgongo wa mtu umeinama pale miaka ishirini na sita, leo pambo.

Sauda akameza hasira, maana hawakuja kwa ajili ya jiwe. Wakafunguliwa namba saba. Alipotaka kumshika mama yake mkono, mama akakataa. "Niache. Nyumba hii naijua kwa magoti." Akahesabu hatua kupita kitanda, akapita dirisha, akafika palipokuwa na mlango wa baraza. Akasimama. Akainua mkono kukinga macho, akatazama kwa ile nuru yake ndogo.

"Bonde limependeza leo," akasema.

Akageuza kichwa polepole, kushoto, kulia, akitafuta. Sauda alikuwa ameshaona.

"Mwamba uko wapi, Sauda? Mivule siioni. Hapa kuna mto mkubwa, mto huu umetoka wapi? Na mbona hakuna upepo?"

Akanyoosha mkono. Vidole vikagonga kioo.

Ilikuwa picha, jamani! Picha kubwa ya ukuta mzima, bonde la nchi nyingine kabisa, wameitundika mahali pa mlango wa baraza. Mlango umezibwa. Na baraza lenyewe limezungushiwa ukuta mpaka juu, limekuwa bafu, katikati yake limewekwa beseni jeupe la watu kujilaza majini. Ile kona, ile kona moja ya dunia iliyoiona Kwemlamba, imo ndani ya matofali. Mtu azibe bonde la Mungu, kisha anunue picha ya bonde!

Sauda alipiga ukelele ulioitoa hoteli nzima nje. Akaja Eliwaza mbio. Akaja Bwana Evaristi, mwenye hoteli mpya. Akaja hata Mzee Shekolowa, maana baada ya kuuza alijiachia kajumba chini ya bustani, na sauti ya Sauda siku ile ilifika chini ya bustani na kupita.

"Ahadi ni deni!" Sauda akasema. "Miaka yote nimelala hapa kwa ajili ya baraza hili! Nani amemfanyia mama yangu hivi?"

Bwana Evaristi alizungumza kwa adabu sana, na adabu yake iliuma kuliko tusi. "Kosa si langu, mama. Kadi yako inasema chumba namba saba, na hiki ni chumba namba saba. Baraza halikuandikwa, soma mwenyewe. Kadi sikuitoa mimi, lakini nimeiheshimu, wengine wangeitupa. Wageni wa siku hizi wanataka beseni. Nani aliniambia kuna mtu anatazama mwamba kutoka pale? Mtaje."

Macho yote yakamgeukia Mzee Shekolowa. "Kosa si langu," akasema naye. "Nyumba nimeuza. Mtu akishauza ng'ombe haulizwi maziwa."

Bi Mwanjuma akauliza, bado mkono uko kwenye kioo, "Mzee, mchoro wa ukuta huu walikuonyesha?"

"Walinionyesha."

"Na nilikozaliwa ulikujua?"

"Nilikujua, Mwanjuma. Ulikuwa ukinisimulia."

"Ukawaambia nini?"

"Nilikuwa nimeshatia sahihi. Ningesema nini tena?"

Sauda akamrukia Eliwaza. "Na wewe! Nilikutajia baraza kwa jina lake. Nilikwambia macho ya mama yanakwenda. Ukasema tutapenda. Tupende nini? Hili beseni?"

Eliwaza alilia mpaka kitambulisho cha kifuani kikalowa. "Kosa si langu, mama. Nenda nyuma ya kaunta ukasome karatasi iliyobandikwa. Imeandikwa: mwanachama haambiwi hapana. Mwezi uliopita mwenzangu alisema hapana moja tu, ya mto wa kulalia, na leo hayupo. Mimi nina mtoto. Nikanyamaza kidogo, nikadhani utaelewa."

"Kunyamaza ndiyo jibu la simu?"

Hapo Bwana Evaristi, aliyekuwa akipekua kishikwambi chake, akakohoa. Na hapa nisameheni wasikilizaji wangu, kuna jambo niliwaficha, kwa sababu hata Sauda alilificha.

"Bi Sauda," akasema, "kumbukumbu zote za Kivulini tulizihamisha. Usiku mia moja uliutimiza mwaka juzi, mwezi wa nane. Ukuta huu nimeujenga mwaka huu, mwezi wa pili. Mwaka mmoja na nusu baraza lilikuwa wazi, na bila shaka mama alikuwa akiona. Ulikuwa wapi?"

Bi Mwanjuma akageuka, akamtafuta mwanawe kwa ile nuru yake, akampata.

"Mwaka juzi, Sauda?"

Ni kweli. Kadi ilikuwa na ngazi mbili. Usiku mia moja, unalala namba saba usiku mmoja. Usiku mia na hamsini, unakuwa wa dhahabu, siku mbili, na chakula cha jioni unaandaliwa barazani kwa mishumaa. Lakini ukichukua zawadi ya mia, mihuri inaanza upya. Sauda akasema moyoni, mama yangu nimlete kwa usiku mmoja? Nitamleta kwa dhahabu. Akangoja mpaka mwisho wa mwaka jana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii iliumiza macho. Na tusimwonee, ila tusimfiche pia: alikuwa ameonja kitu. Katika nyumba ile ambayo mama yake hakuambiwa keti, watu walikuwa wakisimama yeye akiingia. Kila muhuri walisimama kwa haraka zaidi. Nani kati yenu angeacha?

"Mama, kosa si..." Sauda alianza, akakwama. "Nilitaka upate kilicho bora. Macho yako yalikuwa mazima. Ningejuaje?"

Bi Mwanjuma akarudi nyuma, akaketi kitandani. Kitanda alichokitandika maelfu ya mara, akaketi katikati, bila kumwomba mtu ruhusa. Akajifunga khanga vizuri.

"Nimewasikia," akasema. "Kila mmoja kosa si lake, na kila mmoja ana sababu. Wewe umeandika sheria, wewe umeogopa sheria. Wewe umenyamaza kwa sababu umeuza, wewe umechelewa kwa sababu unanipenda. Lakini mimi nilikuja kuona, na sikuona. Na daktari ameshasema, miezi michache tu, sitaona tena."

"Mama, nitaubomoa ukuta," Bwana Evaristi akasema. "Mwezi wa kumi msimu ukipungua, nitaleta fundi."

"Mwezi wa kumi utamleta nani aone?"

Bwana Evaristi akainamia kishikwambi chake.

"Nawadai radhi," Bi Mwanjuma akaendelea. "Ila msiniombe wote kwa pamoja kama kwaya. Radhi ya kwaya haina mwenyewe, kila mtu anaimba na hakuna aliyekosa. Aanze mmoja, yule mwenye kosa kubwa kuliko wote. Huyo akianza, nawasamehe nyote papo hapo, hata msiposema. Lakini akianza asiye yeye, au wote mkinyamaza, nashuka mlima na kinyongo changu, na simwachii mtu, awe wa kuzaliwa nami au wa kuajiriwa."

Akafumba macho, akangoja.

Bwana Evaristi akamtazama Mzee Shekolowa, maana yeye ndiye aliyejua akanyamaza. Mzee Shekolowa akamtazama Eliwaza, maana yeye ndiye aliyeulizwa. Eliwaza akamtazama Bwana Evaristi, maana yeye ndiye aliyebandika karatasi na kupandisha tofali. Kisha wote watatu wakamtazama Sauda.

Sauda akafungua kinywa. Mapenzi yalimsukuma aanze, amalize uchungu wa mama yake. Lakini akiona ule ukuta damu ilimchemka: akianza yeye, mwenye matofali anatoka msafi, mwenye sahihi anarudi bustanini kwake, na kosa la kuziba bonde linabebwa na aliyelilia bonde. Tena kama si yeye mwenye kosa kubwa, radhi yake itakuwa imemponza mama, naye atashuka na kinyongo mpaka kaburini. Na asipoanza? Kama ni yeye kweli?

Bi Mwanjuma angali ameketi pale, macho yamefumbwa, na mimi siwezi kumwacha kitandani mwa watu. Basi acheni kunitazama mimi, tazamaneni ninyi, mseme kwa sauti asikie: katika hao wanne, mwenye ukuta, mwenye sahihi, mwenye simu na mwenye kadi, je, nani alistahili kuanza?