Kifaru na Shukrani za Kisima

Hapo zamani za kale, Twiga alipokuwa bado hajazoea kuinama, kulikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Kichuguuni. Msinicheke, wajukuu zangu. Wanyama wa huko walikuwa na nyumba, majirani na maneno mengi kama sisi, ila nyumba zao zilikuwa mashimo.

Mji ule ulikuwa na desturi mbili. Zishikeni vizuri. Ya kwanza: anayeteka maji humtaja mchimba kisima na kumshukuru kabla hajatumbukiza kata. Ya pili: mchimba shimo ndiye fundi wake. Likibomoka, haitwi mwingine.

Basi kila asubuhi kisimani ungesikia, "Asante, Kifaru!" Chubwi! "Asante, Kifaru!" Chubwi! Na Kifaru mwenyewe yupo hapo, kando ya sanamu yake ya udongo, anaitikia, "Haya, haya, kunyweni."

Mmoja tu aliteka maji kimya. Ni Bi Mhanga, kikongwe mwenye masikio marefu na kucha zilizochakaa kwa kuchimba.

"Bibi, mbona wewe hushukuru?" akamuuliza Nguchiro, jirani yake, kale kadogo kasikotulia.

"Nashukuru kimoyomoyo, mjukuu wangu. Kisima hiki alikichimba marehemu mume wangu mwaka wa ukame, wenzetu wote walipohama kutafuta maji. Mimi nilikuwa nazoa udongo. Waliporudi wakamkuta Kifaru amesimama hapa, akasema ni kazi yake. Nani angebishana na pembe ile?"

"Sasa unataka nini, Bibi? Sanamu?"

"Sanamu ya nini? Nataka nisikie jina lake likitajwa hapa, hata mara moja, kabla sijamfuata."

Nguchiro akanyamaza. Na Nguchiro akinyamaza, jueni kuna jambo.

Siku hizo Kichuguuni walikuwa wameunda kamati ya kupitia upya majina na sanamu za mji. Mwenyekiti alikuwa Twiga. Jina likithibitishwa lilichongwa kwenye jiwe, na likishachongwa, basi tena, halibadiliki.

Wakaanza na Njia ya Fisi. Ikabainika kwamba Fisi hakuitengeneza njia ile, alipita tu siku moja akikimbilia mfupa. Wakalifuta jina. Fisi mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini.

Ndipo wakafika kisimani.

"Nani alikichimba?" akauliza Twiga, kichwa kikiwa juu huko.

"Mimi!" Kifaru akapiga mguu chini, ti! "Kwa pembe hii hii!"

"Ni mume wangu," akasema Bi Mhanga.

"Una shahidi, mama?"

"Sina, mwanangu. Walikuwa wamehama wote."

"Mmesikia?" Kifaru akakoroma. "Chongeni jiwe!"

Nguchiro akachupa, pyuu! mpaka juu ya sanamu. "Subirini! Mnamdhulumu!"

Bi Mhanga akainua uso.

"Mnamdhulumu Mzee Kifaru!" Nguchiro akaendelea. "Kisima kimoja tu? Hebu tazameni ukutani humu kisimani. Mnaiona hii michirizi, minne minne? Kwangu ipo. Kwa Ngiri ipo. Kwa Nungunungu ipo. Mkono ni mmoja! Sisi tulihamia mashimo tuliyoyakuta, hatukuuliza ni ya nani. Kumbe tunaishi kwenye kazi ya mchimba kisima! Au siyo wewe, Mzee?"

Kifaru akaitazama michirizi. Akikana, kisima nacho kinamponyoka.

"Na aliyechimba mji mzima," Nguchiro akamnong'oneza, "si mji mzima utaitwa kwa jina lake? Kifaruni! Sikia linavyopendeza."

Lo! Masikio ya Kifaru yakasimama yenyewe. Nanyi mnajua kwamba kifaru hana kucha za kuchimbia, lakini mwenye tamaa haangalii miguu yake.

"Ni mimi!" akanguruma. "Yote nimechimba mimi! Hata lile la Panya!"

Bi Mhanga akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka. "Hata wewe, mjukuu wangu?"

Nguchiro hakumtazama. Moyo ulimuuma, lakini alishaanza. Akapaza sauti, "Enyi wenye nyumba mbovu! Fundi kapatikana!"

Ala! Na masika ndiyo kwanza yalikuwa yamepita.

"Mzee, mlango wangu umeporomoka, wanangu wanalala nje!" akalia Ngiri.

"Dari yangu hiyo inadondoka!" akasema Nungunungu.

"Na chumba changu cha uani kimejaa maji!" akapiga kelele Panya.

"Desturi ni desturi," akasema Twiga. "Fundi, twende."

Wakamsukuma mpaka kwa Ngiri. Kifaru akaingiza pembe. Akaingiza pua. Kwaa! Akanasa. Akavuta, akavuta, puh! akaanguka chali, vumbi mpaka machoni.

"Pole, fundi," akasema Nguchiro. "Basi tuanzie kwa Panya."

"Aa, basi! Basi jamani!" Kifaru akalia. "Mimi ni wa kuingia humo? Mashimo haya yote ni ya marehemu Mhanga!"

Wanyama wakamsogelea.

"Na kisima?" Nguchiro akauliza polepole.

Kifaru akajiinua, akakaa. Sauti yake ikawa ndogo. "Na kisima. Nilifika hapa ulimi umekauka. Nikamkuta amekaa ukingoni, ana kata ya maji ya kwanza, yeye mwenyewe hajaonja. Akanipa mimi. Nikanywa yote, wala sikusema asante. Nikaona haya. Kisha mkaja mkanishukuru mimi, nikasema ni kazi yangu, nami nikazoea."

"Jioni ile aliniambia amempa maji mgeni," akasema Bi Mhanga. "Alikuwa na furaha sana. Akalala, hakuamka tena."

Ngiri akautazama mlango wake uliobomoka. "Wanangu wote wamezaliwa humu," akasema. "Na hata siku moja sijamshukuru aliyelichimba shimo hili."

Hakuna aliyeona raha. Wote wakarudi kisimani, wakapanga foleni. Ile sanamu ya udongo wakaivunja, wakaulowanisha udongo wake, Kifaru akaubeba mwenyewe kwenda kukandika mlango wa Ngiri.

Aliyetangulia kuteka ni Twiga. Akatanua miguu, akajikunja, ikawa mara yake ya kwanza kuinama.

"Asante, Mhanga." Chubwi!

"Asante, Mhanga." Chubwi!

Bi Mhanga alisimama hapo akisikiliza mpaka wa mwisho, akilia na kucheka. Nguchiro akamsogelea mkia chini. "Nisamehe, Bibi. Nilikuliza."

"Ulinirudishia mume wangu," akamwambia. "Asante."

Kisha akateka kata moja, akampelekea Kifaru aliyekuwa amejitenga, matope hadi magotini.

"Kunywa, mwanangu. Na leo nafasi ya kuisema ile asante ipo."

Kifaru akaipokea kata. "Asante, Mhanga," akasema. Ndipo akanywa.

Ndiyo maana nawaambia: anayepora shukrani za mwenziwe, ajiandae kuitwa kuifanya kazi yake pia.

Hadithi nimeitua hapo. Nanyi mlionisikiliza mpaka mwisho, asanteni.