Dirisha Lililobaki na Mwanga

Mtu akiumwa na kiroboto, jicho lake la kwanza humwendea aliyeketi karibu naye. Ndivyo tulivyo binadamu. Ni wachache wanaokung'uta shati lao kabla ya kumnunia jirani. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako ilisemwa kwa ajili yetu sote, lakini katika mtaa mmoja wa nyumba zilizobanana ilimkaa mama mmoja kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake.

Mama huyo alikuwa mjane, mpokea simu mstaafu, na majirani walimpachika jina la Bibi Mawimbi. Aliyazoea maisha ya kusikiliza sauti za watu asiowaona, na alipostaafu hakuweza kuyaacha. Katika chumba cha nyuma alikuwa na redio ya kuongelea, ile ambayo mtu husema na mwenzake wa mbali bila waya wala simu. Redio hiyo ilitumia betri ya gari iliyokaa chini ya meza. Kutoka dirishani, waya mwembamba wa antena ulipanda juu ya paa, ukavuka uwanja, ukafungwa kwenye mlingoti aliousimamisha marehemu mumewe. Upepo ukivuma, waya ule uliimba polepole, na Bibi Mawimbi alipenda kuusikiliza akiwa amefumba macho.

Kila jua lilipozama, wakati sauti za redio zinaposafiri mbali kuliko mchana, aliketi mezani pake. Kwanza aliwasha taa ya mezani. Taa ile ilikuwa ya marehemu, na kuiwasha kwake kulikuwa kama kupiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwa mtu. Kisha alivaa visikizio masikioni, akawasha redio na kumwita kaka yake.

Kaka huyo alipima mvua na upepo katika kituo cha hali ya hewa kileleni mwa mlima, mahali ambapo simu ya mkononi haikushika. Alikuwa na redio ya ofisi kwa ajili ya kazi na redio yake ndogo kwa ajili ya dada yake. Walizungumza mambo ya kawaida tu: mawingu, magoti yanayouma, na ubishi wao wa utotoni juu ya nani aliyevunja mtungi wa mama. Sauti ya kaka ilifika nyembamba, ikipanda na kushuka kana kwamba inatoka usingizini. Kwa Bibi Mawimbi, saa ile ndiyo iliyoipa siku nzima maana.

Ndipo kelele ikaingia. Ilianza jioni moja bila taarifa, mkwaruzo mzito usiokatika, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Sauti ya kaka ikazama humo isisikike tena. Bibi Mawimbi alikaza waya, akasugua vichwa vya betri, akabadilisha visikizio. Kelele ilibaki palepale.

Jioni iliyofuata, umeme ulikatika mtaa mzima. Chumba kikawa giza, na kelele ikafa papo hapo. Katika ukimya huo sauti ya kaka ikaibuka, imekauka na yenye kikohozi.

"Dada, nisikilize vizuri, nina jambo..."

Umeme ukarudi, taa ikawaka, na mkwaruzo ukammeza kaka pamoja na jambo lake.

Roho ya Bibi Mawimbi iliruka. Jambo gani? Na kikohozi kile kilikuwa cha nini? Asubuhi alipiga simu ofisini kwao. "Mlima uko kimya, mama," karani alimjibu, "na ukimya ni dalili ya heri." Jibu hilo halikumtuliza hata chembe.

Alipoketi kutafakari, aliona mambo yamenyooka kama rula. Umeme ukikatika, kelele inakufa, ukirudi, inafufuka. Kwa hiyo ni mashine ya mtu. Na ni nani aliyekuwa ameleta mashine mpya ya kuchomelea vyuma juma lile lile? Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye karakana yake ilipakana na ukuta wake. Kesi ikafungwa bila mshtakiwa kuitwa.

Alimkuta shemeji akifagia vipande vya chuma.

"Shemeji, hiyo mashine yako inaniua."

"Inakuuaje, shemeji, na mimi sijakurushia hata cheche?"

"Inachafua redio yangu. Jua likizama tu, kelele! Kaka yangu ananiita, simsikii."

"Jua likizama mimi nimeshafunga, niko nyumbani naoga. Labda inachomelea yenyewe."

"Fanya mzaha. Siku zote unafanya mzaha."

"Basi njoo ushike swichi uone kama ni ya moto."

Hakwenda. Badala yake aliununia mlango wa shemeji hata mtaa mzima ukajua. Kila jioni, kabla ya kuzima redio, alimsema hewani: kwamba shemeji hana haya, kwamba damu ya mume wake imepotea bure kwa ndugu kama yule. Alisema ili kupunguza machungu, akiamini hakuna anayemsikia. Shemeji, kwa upande wake, alifika mahali akaacha kabisa kuiwasha mashine. Wateja wakaondoka na milango yao mibovu, na kelele ikaendelea kama kawaida. Bibi Mawimbi hakuomba radhi. Alihamishia lawama kwa kinyozi, kisha kwa mwenye mashine ya kusaga.

Siku moja shemeji alimkuta ameketi kizingitini, macho yamemvimba.

"Shemeji, hebu tumalize ubishi," alimwambia kwa upole. "Leo magharibi mtaa mzima utazima kila kitu. Nitapita mwenyewe nyumba kwa nyumba."

"Watakubali?"

"Kaka yako ni wa kwetu pia. Ila na wewe uzime vya kwako."

"Vya kwangu nitazima, nani kakwambia vina tatizo?"

Alizima kweli. Alichomoa friji, akachomoa televisheni, hata saa ya ukutani akaitoa betri, ingawa haikuwa na kosa lolote. Jua likazama. Kwa kishindo kidogo kidogo cha swichi, mtaa ulianza kulala. Kinyozi alizima, mwenye mashine ya kusaga alizima, madirisha yakafumbwa moja baada ya jingine, na nyota ambazo watoto wa mtaa ule hawakuwahi kuziona zikajitokeza juu ya mabati. Watu walitoka nje wakasimama milangoni wakinong'ona, maana giza lile lilikuwa zuri mno kuongea kwa sauti.

Chumbani, Bibi Mawimbi alivaa visikizio. Mkwaruzo ukamjaa masikioni kama jana na juzi.

Alitoka mbio hadi barazani, visikizio vikiwa vimemning'inia shingoni.

"Kuna mtu hajazima!" alilia. "Nimewaomba kitu kidogo tu, kuna mtu hajazima!"

Nyuso zote zilikuwa zimegeukia upande wake, na aliweza kuziona, kwa sababu palikuwa na mwanga uliozimulika. Shemeji akasogea karibu.

"Shemeji," alisema taratibu, "hebu geuka nyuma."

Akageuka. Katika mtaa ule wote, dirisha moja tu lilikuwa linawaka, na lilikuwa lake.

Taa ya marehemu! Alikuwa ameiwasha kama desturi, bila kujua kwamba ameiwasha. Hakuwahi kuihesabu miongoni mwa vitu. Kwake ilikuwa sehemu ya macho yake. Na ghafla akakumbuka kwamba balbu ya zamani iliungua, na yeye mwenyewe ndiye aliyenunua ile mpya ya bei poa juma lile lile shemeji alipoleta mashine. Mtaa ukikosa umeme, hiyo nayo huzimika, na kelele inayoipenyeza redioni hufa nayo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni hadi utosini.

Alirudi ndani akapapasa swichi. Giza likaingia, na masikio yake yakafunguka. Kulikuwa na ukimya mpana kama anga, na ndani yake, mbali, mtu alikuwa akikohoa.

"Kaka? Kaka, dada hapa! Ova!"

"Dada... unanisikia?"

"Nakusikia kama uko jikoni!"

"Mungu mkubwa. Mimi nakusikia kila jioni, dada. Unamsema shemeji, nakujibu, huitiki. Kifua kinanibana, homa haishuki. Redio ya ofisi imekufa. Sina wa kumwita ila wewe. Nilikwambia mara ngapi: acha shemeji wa watu, zima vya kwako kwanza."

Bibi Mawimbi alilia waziwazi. Kisha alifungua dirisha akaupigia kelele mtaa ule wa giza, na aliyekuwa wa kwanza kuwasha gari kuwafuata watu wa ofisi alikuwa shemeji.

Kaka aliteremshwa kwenye machela kulipopambazuka. Daktari alisema kwamba wangekawia kidogo tu, wangeteremsha maiti. Maneno hayo Bibi Mawimbi aliyasikia akiwa amesimama kando ya shemeji, naye akamshika mkono, akafungua kinywa kuomba radhi.

"Usiseme kitu, shemeji," yule fundi alimwambia. "Kaka yako kanisimulia: umeshanisema vya kutosha hewani."

Mpaka leo, Bibi Mawimbi huongea na kaka yake gizani, balbu ile ikiwa imefungiwa kabatini. Na kila anapofungua kinywa kumlaumu mtu, shemeji humuuliza swali moja tu kutoka ng'ambo ya ukuta: "Taa umezima?" Naye hunyamaza, kwa kuwa amejua kwa gharama iliyokaribia kuwa uhai wa ndugu yake kwamba kikulacho ki nguoni mwako.